Mimi Si Layoni

Jumanne, 6 Julai 1982

Leo nimeaibishwa mbele ya darasa la tano. Nilikuwa ubaoni na desimali zangu, mgambo akaingia bila hodi, fimbo kwapani. Mwalimu Lukresia, anasema, unaitwa kituoni, mwanao ameiba ng'ombe. Hivyo hivyo! Mbele ya darasa zima, na wajukuu wa Valeriani wamekaa dawati la mbele, midomo wazi.

Ng'ombe wenyewe ni maksai wa huyo huyo Valeriani, wale wawili wa kulimia, mwekundu na mwenye baka. Walitolewa zizini jana alfajiri. Askari wa hifadhi wakawakuta msituni, juu ya mashamba yetu ya Ganako, wanaswagwa na vijana wawili. Mmoja Clemensi wangu. Wa pili Tajewo, mtoto wa Naisula, yule mama wa Kimasai anayetuuzia maziwa.

Tajewo! Nilijua. Tangu atahiriwe na kuvaa lile shuka jeusi anapita hapa kijijini kifua mbele, utadhani barabara ni ya baba yake. Nilimkataza Clemensi kuandamana naye. Nilimkataza kwa mdomo, nilimkataza kwa fimbo. Nimezungumza na ukuta.

Askari mmoja alisema waliwakuta wakishuka. Nilitaka kumwuliza, wakishuka kwenda wapi? Mtu akiiba huku chini si anapanda? Lakini Valeriani alikuwa anabwata, hakuna aliyesikia kitu.

Hawakuniruhusu kumwona mtoto. Nimerudi nyumbani na chaki bado mkononi.

Jumatano, 7 Julai

Kumbe kijiji hiki kimejaa mabingwa wa malezi, nami sikuwa na habari. Mwenyekiti anasema ni ile sinema ya serikali iliyokuja na gari, watoto wakaona watu wanapigana ngumi. Katekista anasema ni kukosa mafundisho. Mwalimu mkuu anasema ni barabara ya watalii, watoto wanakimbilia magari kuomba peremende mpaka wanasahau adabu. Valeriani anasema ni fimbo zimepungua. Wanawake kisimani hawakusema kitu, walinyamaza tu nilipofika, na mimi najua wanyamazao kisimani wanasema nini. Mtoto wa mama peke yake. Hiyo ndiyo sababu yao.

Thomasi, baba yake, yuko Mto wa Mbu na mwanamke wake na migomba yake, anakula ndizi. Huyo hatajwi. Mwanamume akiondoka, kosa linabaki na aliyebaki.

Nimemwona Clemensi kwa muda mfupi. Amekaa sakafuni, midomo imepasuka kwa baridi. Hataki kusema. Nilimwuliza, nani kakutuma? Akavuta magoti kifuani. Tajewo alikuwa kona ya pili amejifunika shuka, anatazama mbele. Nikamwambia, umeniharibia mtoto. Akanitazama, halafu akamtazama Clemensi, halafu akageukia ukuta. Hana haya kabisa yule.

Ijumaa, 9 Julai

Mahakamani. Hakimu ametoka Mbulu, kijana tu, mafua yamemkamata, kila neno na leso. Chumba kimejaa. Sisi Wambulu wa Ganako upande huu, Wamasai wachache upande ule, na harufu ya mashuka yaliyolowa mvua.

Alianza na umri. Clemensi ana cheti cha ubatizo, amezaliwa sitini na saba. Hakimu akasema huyu ni mtoto, asifungwe pingu, akae karibu na mama yake. Nikapumua.

Tajewo hana cheti. Kiswahili chake ni cha mnadani, kwa hiyo akaitwa Ngoyai, tarishi wa mahakama, atafsiri. Hakimu akasema: mwulize, yeye ni mtoto au ni mtu mzima? Ngoyai akauliza. Kimasai changu ni cha kununulia maziwa, lakini neno alilotumia kwa mtoto nililisikia wazi. Layoni. Neno hilo hapa kwetu hata wasiojua Kimasai wanalijua. Ni mvulana ambaye hajatahiriwa, wa kutumwa maji, wa kufukuzwa penye wanaume. Ukimwita hivyo aliyekwisha kutahiriwa, umelitafuta rungu lake.

Tajewo aliruka wima. Hakungoja mkalimani.

"Mimi si layoni! Mimi mtu mzima."

Hakimu akaandika. Naisula alipaza sauti kutoka nyuma, akaambiwa atulie au atoke.

Mwendesha mashtaka akaona mlango umefunguka. Basi, alisema, hapa tuna mtu mzima aliyemshawishi mtoto. Wizi wa mifugo kwa mtu mzima ni jela, na katika hilo hakimu hana hiari. Kesi tarehe ishirini. Clemensi amekabidhiwa kwangu, Tajewo amerudishwa mahabusu na pingu zake.

Nimefurahi. Naliandika kama lilivyo. Nilimshika Clemensi mkono tukatoka, Naisula amesimama mlangoni, na sikumsalimia.

Jumapili, 11 Julai

Padre amehubiri juu ya wazazi. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, shingo zote za kanisani zilimsaidia. Clemensi hakwenda kupokea komunyo. Tulipotoka, Marsela wa kwaya akanipa pole kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. Pole yake aipike ale.

Jumatatu, 12 Julai

Amekuja ofisa wa ustawi wa jamii kutoka Arusha, Bwana Felisiani. Suruali bwanga, faili kwapani, viatu vimeshaliwa na vumbi letu jekundu. Amepewa kazi ya kumweleza hakimu ni nini kilichomharibu mtoto. Nikampa kigoda.

Maswali gani yale! Alinyonya mpaka lini? Alikojoa kitandani mpaka lini? Baba anakuja mara ngapi? Unapomchapa, unamchapa kwa hasira au kwa utaratibu? Nikamwuliza yeye alichapwa kwa utaratibu gani. Hakuandika hilo.

Halafu akanieleza, taratibu, kana kwamba mimi ndiye wa darasa la tano. Wataalamu wanasema mtoto huharibika kwa nyumba iliyovunjika, au kwa umaskini, au kwa makundi mabaya. Nikamwambia andika makundi. Akasema, mama, si suala la kuchagua. Nikamwambia nilikuwa nafundisha watoto kabla wewe hujajua kujifuta kamasi, niulize mimi: mtoto anaharibiwa na mtoto mwenzake. Andika Tajewo. Akaweka kalamu chini.

"Mwalimu, yule kijana hana hata ndevu moja. Mimi simwamini kuwa mtu mzima. Unamfahamu?"

Nikasema mambo ya Wamasai siyajui.

Akanieleza sheria. Tajewo akithibitika ni mtoto, jela haipo. Wote wawili watahukumiwa kama watoto. Na hapo hakimu atatafuta mkubwa ni nani, aliyetangulia ni nani. Huyo atapelekwa shule ya maadilisho, Mbeya. Mwingine atarudi nyumbani chini ya uangalizi.

Mbeya. Mimi Mbeya naijua kwenye ramani ya ukutani tu. Nimeiangalia jioni hii darasani baada ya watoto kutoka. Ni mbali hata kwa kidole.

Maana Felisiani hajui ninachokijua. Clemensi alikuwa ameshaota meno, anatambaa mpaka mlangoni, wakati Naisula alipokuwa bado ana mimba ya Tajewo. Mkubwa ni wangu.

Jumanne, 13 Julai

Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimechoka kuuliza. Akaanza mwenyewe, anaangalia gunzi.

Ni yeye. Ni yeye aliyewatoa maksai. Bila shaka ni yeye! Wale maksai hawafuati mgeni, na msimu wote wa kulima anayewashika kamba mbele ya jembe la Valeriani ni nani kama si Clemensi? Nami nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza, nikaligeuzia mgongo.

Kisa? Mwaka jana nilimpeleka kutahiriwa zahanati. Alidungwa sindano ya ganzi, kama watoto wote wa Kikristo siku hizi. Tajewo alipotahiriwa kwao, kwa kisu, asubuhi ya baridi, bila kupepesa jicho, akamwuliza Clemensi: wewe ulilia? Clemensi akasema sikusikia hata maumivu, nilidungwa sindano. Tajewo akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia basi wewe ni layoni aliyekatwa. Mwanamume huleta ng'ombe.

Na huyu mpumbavu wangu akaleta ng'ombe! Akaleta maksai wa kulimia! Alipowafikisha kwa Tajewo kule msituni, Tajewo akashika shingo ya yule mwekundu, akaona sugu ya nira, akamwuliza, hii ni nini? Mmasai gani atapita mbele ya wenzake na ng'ombe aliyefungwa jembe? Watamcheka mpaka Loliondo. Akasema turudishe kabla hakujakucha vizuri. Wakaanza kuwarudisha. Hapo ndipo askari wakawakuta.

Wakishuka.

Nikamwuliza, kwa nini Tajewo hakusema? Akasema Tajewo hawezi kumsema mwenzake. Na wewe, kwa nini hukusema? Akaendelea kupukuchua.

Nilimpiga kofi. Halafu nikatoka nje nikakaa kwenye kuni. Wote wale na sinema zao na katekisimu zao na nyumba zao zilizovunjika. Ni neno moja tu. Neno la kuchezea watoto machungani.

Alhamisi, 15 Julai

Naisula amekuja. Hakuja na maziwa ya kuuza, amekuja na kibuyu kimoja tu, akakiweka kizingitini. Nilikuwa nafua. Sikumkaribisha. Akakaa mwenyewe chini, miguu ameinyoosha, bangili zake zinagonga.

Alianza na habari za nyumba, habari za mifugo, habari za shule, moja moja, kama desturi yao, na mimi najibu nzuri, nzuri, huku nakamua nguo kama nakamua shingo ya mtu. Halafu akafikia lililomleta.

"Mama Clemensi, wewe unajua. Ulikosa maziwa, mtoto analia. Nilileta mimi kila siku, na tumbo hii ya Tajewo iko mbele."

Nikasema watu wengi huleta maziwa.

Akasema yule Ngoyai ndiye aliyemwua mtoto wake. Kimasai kina neno la mtoto, mtoto wa mtu, ambalo hata mzee mwenye mvi anakubali kuitwa na mama yake. Ngoyai angetumia hilo, Tajewo angejibu ndiyo, mimi ni mtoto wa Naisula. Lakini amemwuliza mbele ya wanaume, mbele ya askari, mbele ya Wambulu wote, wewe ni layoni? Alitaka ajibu nini? Bora afe.

Amejaribu kumwambia hakimu. Wanamwambia wewe ni mama, na mwaka huujui. Kweli haujui, anajua tu mvua na magonjwa ya ng'ombe. Anataka mtu anayejua mwaka. Anataka mwalimu.

Nikamwuliza, na wangu aende Mbeya?

"Mbeya ni shule?"

Nikamwambia ni shule ya wahalifu, ina ukuta.

"Shule, wako atarudi. Jela, mimi nitarudishiwa mtu mwingine."

Nikamwambia aondoke. Nilisema vibaya, nilisema yeye na mtoto wake na ng'ombe zao wasikanyage tena kwangu. Akasimama, akakung'uta shuka, akanitakia usiku mwema mchana kweupe kwa sababu ndiyo salamu ya kuagia anayoijua. Kibuyu amekiacha. Niliapa kuyamwaga maziwa yake. Clemensi alirudi na njaa akayanywa yote kabla sijafungua mdomo.

Jumamosi, 17 Julai

Na huyu naye! Valeriani amekuja na kofia mkononi. Wiki iliyopita mwanangu alikuwa jambazi, leo ni kijana wetu. Anasema yeye hana ugomvi na Clemensi, maksai wamerudi salama, na msimu ujao atahitaji tena mtu wa kuwashika kamba. Anachotaka ni Mmasai aende. Wametusumbua tangu enzi za baba zetu, na hapa amepatikana mmoja na amekiri kwa kinywa chake.

Amesikia Naisula alikuja kwangu. Hapa mtu akipiga chafya wanasikia mpaka kijiji cha Daa.

"Wewe nyamaza tu, Mwalimu. Yule aende, wetu abaki."

Nilimchukia kwa kusema hivyo. Nilichukia zaidi kwamba alikuwa anasema kilekile nilichokuwa nakiwaza tangu Jumatatu, neno kwa neno, na kikitoka kinywani kwake kinanuka. Sikumjibu. Alidhani nimekubali, akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu, 19 Julai

Nimepiga pasi gauni la kitenge. Mkaa umelowa, moshi mtupu.

Clemensi ameuliza, kesho utasema nini? Nikamwambia mimi sijaitwa kusema. Akasema Bwana Felisiani alimpitia shuleni leo, akamwambia kwamba nitaitwa. Kumbe! Kijana wa suruali bwanga amenizunguka. Amekuta mtu wa kumwambia kwamba mimi na Naisula tunajuana tangu watoto hawajazaliwa. Nani? Wale wa kisimani. Sasa wamepata la kusema.

Namchukia Felisiani. Namchukia Ngoyai na ulimi wake wa haraka. Naisula namchukia kwa sababu hakulia. Angelia ningejua la kumfanya.

Jumanne, 20 Julai

Naandika nimekaa kwenye ngazi za mahakama. Hakimu ametutoa wote nje. Naandikia gotini, sijui kama nitaweza kuyasoma haya baadaye.

Niliitwa. Nikaapa. Hakimu, mafua yake bado, akaniuliza kama mshtakiwa wa pili namfahamu. Nikasema ndiyo. Tangu lini? Nikasema tangu akiwa tumboni. Watu wakanong'ona. Akaniuliza, kati yake na mwanao, mkubwa ni nani?

Nilimwona Valeriani anatikisa kichwa taratibu. Nilimwona Naisula, hatikisi kitu. Nilikuwa nimejiandaa kusema sikumbuki. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sikumbuki, mheshimiwa, ni zamani. Sijui limekwenda wapi.

"Mkubwa ni wangu. Tajewo ni mtoto."

Felisiani akafumba macho kwa furaha. Hakimu akachukua kalamu. Na ingeishia hapo! Lakini lazima mshtakiwa asikie kilichosemwa, na Ngoyai, aliyelaaniwa, akageuka akatafsiri, na mimi nikasikia tena neno lilelile. Mwalimu amesema wewe ni layoni.

Nikapiga kelele, sikusema hivyo! Nimesema mtoto! Hakimu akagonga meza. Tajewo alikuwa ameshasimama, mishipa imemtoka shingoni, anasema mimi ni mwongo, mwanamke wa Kimbulu anajua nini mambo ya wanaume, aulizwe aliyemtahiri. Anaongea Kimasai na Kiswahili pamoja, machozi yanamtoka na mwenyewe hana habari. Macho ya mtoto kabisa. Mtu yeyote angeona kama angetaka kuona.

Halafu Clemensi akasimama. Nilikuwa bado kizimbani, siwezi kumfikia. Nikamwonyesha kwa mkono, kaa. Hakukaa. Akanitazama mimi, si hakimu.

"Na mimi si mtoto. Niandikeni mtu mzima. Maksai niliwatoa mimi."

Hata Ngoyai hakutafsiri. Hapakuwa na haja, maana Tajewo alikuwa ameelewa. Akamtazama mwanangu, akakaa, akamsogelea kwenye benchi, akamwambia neno moja kwa sauti ya chini. Nililisikia. Alimwita murani, kijana shujaa aliyetahiriwa. Na Clemensi akatabasamu! Kwa miezi yote hii sijamwona akitabasamu hivyo, na ni pale, mbele ya hakimu, anajitia jela kwa mdomo wake.

Hakimu akafunga jalada, akasema tutoke, atafikiri. Felisiani amemfuata ofisini, nasikia sauti yake dirishani, anataja sura ya sheria, anataja wataalamu wake. Awataje. Leo nawaombea wote, kila mmoja kwa jina, na hata majina siyajui.

Naisula amekuja kukaa karibu yangu. Ananiuliza mtoto wangu alisema nini pale mwisho, hakusikia vizuri. Kutoka hapa tunawaona watoto wetu kwa mlango ulio wazi. Wamebaki ndani kwenye benchi moja, magoti yanagusana, Tajewo anamwonyesha kitu nje, tai au ndege gani sijui, na wanacheka. Wajinga wale wanacheka.

Askari ametoka ofisini kwa hakimu. Ana pingu moja. Amesimama mbele yao, anawatazama, anatazama mlango wa ofisi tena kama mtu aliyesahau alichotumwa. Naisula ameshika gauni langu. 

Clemensi amenyoosha mkono mwenyewe.